Vipindi Vinne vya Chebet

Alhamisi, Bungoma

Mvua imenyesha asubuhi, ikaacha, na jioni hii jua limechungulia kidogo. Nimeketi kwenye meza ya jikoni na chai iliyopoa. Nimeandika hapa mara nyingi kuhusu wanafunzi wanaonichosha. Leo anayenichosha ni mimi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nafundisha uchoraji wa kihandisi katika kampasi yetu ya Bungoma. Wenzetu wanaofundisha programu za kompyuta wako Kitale. Chuo ni kimoja, ila tumeishi kama majirani wanaosalimiana kwenye ua tu. Tangu Januari tumekuwa tukipanga mwaka wa kwanza wa pamoja, utakaoanza Septemba. Wanafunzi wa uhandisi na wa programu watasoma darasa moja mwaka mzima, kisha mwishoni kila mmoja achague njia yake. Mimi ndiye katibu wa kamati, yaani kalamu iko mkononi mwangu.

Nililitaka jambo hili kwa moyo wote, na bado nalitaka. Watoto wetu hujaza fomu ya kozi wakiwa hawajawahi kushika tupa wala kuandika mstari mmoja wa programu. Wengine hujaziwa na mjomba. Halafu mwaka wa pili unamkuta msichana mwenye akili nyingi amekwama kwenye kozi asiyoipenda, na kumhamisha ni safari ndefu ya barua na mihuri. Mwaka mmoja wa kuonja pande zote mbili ungewaokoa wengi.

Shida ni kwamba wiki haina siku ya nane.

Kila mtu aliingia kwenye kamati na somo lake kwapani. Hesabu tuligombania mwezi mzima, kwa sababu sisi tulitaka zile za mwendo na nguvu, wao wakataka za mantiki. Fizikia ilikatwa, ikarudishwa, ikakatwa tena nusu. Tulipofika kwenye karakana, Barasa aliuliza mwanafunzi wa programu atafanya nini na tupa. Nilimjibu kwamba atajifunza kuwa chuma ukishakikata hakuna kitufe cha kukirudisha. Watu wakacheka, karakana ikabaki. Ndivyo mitaala inavyotengenezwa, msidanganywe na ile lugha nzuri ya ukurasa wa kwanza.

Barasa ni mkuu wa idara ya programu kule Kitale. Ni mtu wa Sirisia, mpole, na ana tabia moja ambayo sikuwahi kuifikiria sana hadi wiki hii: ukimwambia jambo, anakuamini.

Wiki sita zilizopita tulikutana Kitale kugawa vipindi. Somo langu, kuchora kwa mkono, lilikuwa na vipindi sita kwa wiki. Barasa aliuliza, kwa adabu kabisa, kama viwili visingetosha, maana siku hizi michoro mingi hutengenezwa kwenye kompyuta. Nikasema bodi haitakubali.

Hapa lazima nieleze. Sisi wahandisi tuna bodi inayotusajili, na neno hilo ndilo tunalomalizia mabishano. Mjadala ukituelemea tunasema bodi inataka hivi, bodi haitaki vile. Wenzetu wa programu hawana bodi ya namna hiyo, kwa hiyo hunyamaza. Hakuna anayeuliza imeandikwa ukurasa gani. Hata sisi kwa sisi hatuulizani. Mimi niliambiwa na mwalimu wangu kwamba bodi inataka vipindi sita vya kuchora kwa mkono, naye sijui aliambiwa na nani. Nimelirudia hilo miaka kumi na minne.

Kwa hiyo siku ile sikudanganya. Nilisema nilichoamini. Nataka lieleweke, ingawa halinisaidii sana.

Vipindi vyangu vilipobaki sita, ilibidi vingine vitoke mahali pengine. Barasa akakata kwake. Somo la kuanza kuprogramu lilishuka kutoka vipindi sita hadi viwili, ambavyo angefundisha yeye mwenyewe kwenye ukumbi mkubwa. Vile vinne vilivyoondoka vilikuwa vya Chebet. Siku ile sikujua. Sikuuliza.

Chebet ni mwalimu wa muda kule Kitale, kijana wa kutoka upande wa Mlima Elgon, na kazi yake ni wale wanaoanza kabisa. Nilimwona akifundisha mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka huu, nilipowahi kufika kabla ya mkutano. Alikuwa amewatoa wanafunzi nje, kwenye kiwanja nyuma ya madarasa. Alimpa mmoja wao kamba na vijiti, akasema huyu hajui lolote, ni mashine, hufanya tu anachoandikiwa. Wengine wamwandikie maagizo ya kunyoosha mistari ya kupandia mahindi. Hawa ni watoto waliopanda mahindi tangu wakiwa wadogo, wakadhani ni mchezo. Haikupita dakika tano, yule mashine alikuwa ameingia kwenye ua wa michongoma kwa sababu hakuna aliyeandika asimame wapi. Chebet alicheka nao, akawarudisha mwanzo. Hakuwapa jibu. Aliwangoja.

Nilisimama pale nikajua kwamba hiki ndicho ninachojaribu kufundisha kwa penseli: kueleza kitu hadi mtu ambaye hukuwahi kuonana naye akitengeneze sawasawa. Yeye alikuwa anakifundisha vizuri kuliko mimi. Niliona hivyo na nikafurahi, wakati huo haikuwa na gharama yoyote kwangu.

Sasa nifike kwenye yenyewe.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa naandika kiambatisho cha rasimu, mahali unapotaja ukurasa wa kila sharti. Nikafungua mwongozo wa bodi kutafuta vipindi vyangu sita. Niliusoma wote. Nikausoma tena. Havimo. Unasema mwanafunzi aweze kueleza usanifu wake kwa michoro, basi. Hausemi kwa mkono, wala hausemi vipindi vingapi.

Niliufunga, nikatoka kwenda kupalilia sukuma wiki ambayo haikuwa na magugu.

Nimenyamaza wiki tatu.

Sababu naijua na si nzuri. Napenda kuchora. Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa wasichana wawili darasani, na kila nilipopata alama za juu hakukosekana mtu wa kusema nimesaidiwa. Kwenye meza ya kuchorea hakuna aliyeweza kusema hivyo, kwa kuwa wote waliuona mstari ukitoka mkononi mwangu. Nikawa mwalimu mkali wa mistari. Ukurasa wenye alama ya kifutio kwangu unapoteza alama hata kama mchoro ni sahihi, na nimejivunia hilo. Kwa hiyo mtu akisema vipindi viwili vinatosha, nasikia kana kwamba ananipunguza mimi. Pia niliona aibu. Katibu wa kamati, miaka yote hiyo kazini, na hajawahi kusoma mwongozo anaowatishia wenzake.

Kila asubuhi nilijiambia kwamba rasimu ni rasimu, bado kuna nafasi.

Jana nafasi iliisha. Rasimu ilitakiwa iende kwa wajumbe, na kwenye kiambatisho kulikuwa na pengo moja tu, ukurasa wa sharti langu. Ningeweza kuandika namba yoyote pale. Hakuna ambaye angeenda kutazama. Kwa muda wa kama dakika kumi nilifikiria kufanya hivyo, na sifichi. Kisha nikampigia Barasa nikamweleza.

Aliniomba nirudie.

"Madam, si wewe ndio ulituambia ati ni bodi?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Sasa mimi nilishaambia Chebet Septemba hakuna vipindi. Nilimwambia ile wiki tu tulikutana, ndio asikae akingoja bure."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema atamtafuta, nikamwambia asimtafute, nitaenda mwenyewe.

Katika jedwali langu vipindi havina majina ya watu. Kuna namba ya somo, idadi na ukumbi. Wiki zile tatu nilifikiria somo langu, nikafikiria jina langu, nikafikiria hata wajumbe wa kamati watanitazama vipi. Sikujiuliza hata mara moja ni nani alikuwa akifundisha vile vinne.

Asubuhi hii nimekwenda Kitale. Kabla ya kutoka niliirekebisha rasimu, ambayo bado sijaituma: kuchora kwa mkono vipindi viwili, kuanza kuprogramu sita kama zamani. Kuondoa vinne kumenichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nimetoa majuma yote ya kuandika herufi kwa rula. Nimebakiza zoezi moja ninalolipenda, la kuchukua kipuri kilichovunjika kutoka karakana na kukichora hadi mwenzako aweze kutengeneza kingine. Iliniuma. Pia niliona, na hili linaniuma zaidi, kwamba somo halijaharibika.

Chebet anakaa mtaa wa Matisi na dada yake. Nilimkuta mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Alinikaribisha, akaniwekea kiti, akaingia kutafuta chai. Nilimwomba akae kwanza. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, na nikamalizia kwa kusema vipindi vyake vimerudi, vyote vinne, kesho kamati inapitisha, na tunamtaka.

Mikono yake haikuacha maharagwe.

"Hiyo ulijua lini, Madam?"

Nikamwambia wiki tatu.

Nilimwona akihesabu. "Mimi nilisaini na shule Jumatatu. Si hii, ile ingine."

Ni shule ya sekondari upande wa Naitiri. Atafundisha hesabu na kompyuta, miaka miwili. Nikaanza kusema kwamba mikataba huzungumzwa, kwamba naweza kuandika barua, na kwamba mwalimu mkuu ataelewa. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kwa ule uvumilivu wake wa kule kiwanjani.

"Hapana, Madam. Yule mwalimu alinichukua nikiwa sina kazi. Siwezi mwacha hivyo."

Yeye ameshika neno lake kwa mtu aliyemjua siku chache. Mimi nilikuwa nimekaa na langu wiki tatu mfukoni.

Alileta chai, na nilikunywa kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili. Tuliongea habari za mahindi ya kwao na baridi ya Kitale. Niliposimama kuondoka aliuliza nani atafundisha wanaoanza. Nilisema sijui. Akafikiri kidogo.

"Mtafute mtu mwenye hana haraka," akasema, kisha akanisindikiza hadi kwenye gari.

Naweza kutaja siku yenyewe. Ningefungua mdomo wiki ile niliyofungua mwongozo, angekuwa bado wetu. Hata Ijumaa iliyotangulia kusaini kwake ingetosha. Nimeendesha gari kutoka Kitale hadi hapa nikizihesabu siku hizo, na kila moja nakumbuka nilikuwa nikifanya nini. Hakuna hata moja niliyokuwa na shughuli.

Nilipofika nyumbani nilikuta ujumbe wa Barasa akiuliza nimefikia wapi. Nimemwambia habari za Naitiri, na badala ya kunilaumu ananionea huruma. Anapendekeza kwenye rasimu tuandike kwamba vipindi vimerekebishwa kulingana na mahitaji ya ratiba. "Hakuna haja ujianike mbele ya watu," ameandika. Ni mtu mwema. Nimeuandika mstari huo na nimekaa nikiutazama. Ni mstari mzuri, hakuna mjumbe atakayeuliza unamaanisha nini. Ndiyo maana nimeufuta.

Mahali pake nimeandika hivi: Vipindi vinne vya kuanza kuprogramu viliondolewa kwa sababu katibu alisema kuchora kwa mkono ni sharti la bodi, bila kusoma mwongozo. Alipousoma na kujua si sharti, alinyamaza wiki tatu. Vipindi vimerudishwa. Mwalimu aliyekuwa akivifundisha ameondoka.

Kamati inakutana kesho saa nne, hapa Bungoma. Sentensi hizo nitazisoma mwenyewe, kwa sauti. Halafu tutafika kwenye safu ya jina la mwalimu, ambayo nimeiongeza leo kwenye jedwali, na mtu ataniuliza, mimi mwenye kalamu, tuandike nani.