Beberu wa leseni ya Abdi

Alhamisi, Garissa

Na kwa nini lazima niwe mimi? Kaka yangu Abdi ndiye rubani. Mimi hata darasani sijibu swali mpaka niitwe jina.

Alipiga simu adhuhuri. "Abaayo, dada yangu, zile saa zangu za kuruka za kuombea leseni zimekataliwa na mamlaka ya anga. Mwambie hooyo, mimi siwezi."

Mwaka mzima amekaa kiti cha upande wa kulia wa ndege akimsaidia kapteni kupeleka mizigo Elwak. Kumbe ndege ile kisheria inahitaji rubani mmoja tu, na kampuni haikuandika popote kwamba lazima wawe wawili. Kwa hiyo saa zote ni za kapteni. Leseni ya juu hapati.

Hooyo, mama yetu, alikuwa anamlisha beberu, yule wa kuchinjwa kwenye karamu ya leseni. Nikamweleza kwa Kisomali, lakini neno la rubani msaidizi sikulipata. Nikasema tu, kwa hesabu yao Abdi alikuwa kama abiria.

"Abiria?" akasema. "Na lile shati la mistari mabegani, kumbe nilikuwa nampigia pasi abiria?"

Nilidhani anatania. Hakucheka.

"Wachungaji wawili wakienda malishoni, anachoka mmoja?" akauliza.

Kanuni naijua, lakini hilo halimo ndani yake.

Akamfungua beberu, akamsukuma arudi zizini. "Mwambie Abdi huyu atamngoja. Ila anipigie mwenyewe."

Nimemwandikia hivyo hivyo. Amesoma, hajajibu.