Mkunga wa Kuazima

Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri hapa Madungu, nami sina hamu ya kula wala ya kuonana na mtu.

Kazi yangu ni ukaguzi wa ufanisi. Sihesabu fedha. Natazama kama kile Serikali inachosema inakifanya kinamfikia mwananchi kweli. Watu wakiniuliza, huwa najibu kwa majivuno kidogo.

Miezi miwili iliyopita nilikagua kituo cha afya katika kijiji kimoja cha kaskazini. Kwetu huingii shehia ya watu bila ya kupiga hodi kwa Sheha, mkuu wa hapo. Ndiyo adabu, na mimi nimelelewa kwa adabu, basi nikampigia simu siku mbili kabla. Nilipofika, chumba cha kuzalia kimedekiwa, mashuka meupe, mkunga kasimama mlangoni na sare iliyopigwa pasi. Nikala wali kwa Sheha, nikarudi mjini, nikaandika kwamba huduma ya uzazi inapatikana saa zote.

Jana nilirudi kuchukua idadi ya waliojifungua, ambayo niliisahau. Sikupiga simu. Chumba kina kufuli, na kufuli lina kutu. Mlinzi, mtu mzima wa haya, akanieleza taratibu kwamba yule mkunga aliazimwa kituo chengine kwa ajili yangu, na jioni ile ile akarudishwa.

Kama sahani za shughuli.

Kisha akanipeleka kwa Bi Mize. Wiki moja baada ya ukaguzi wangu, bintiye Raya alishikwa na uchungu. Walikuta kituo kimefungwa, wakampakia kwenye gari la ng'ombe kumkimbiza hospitali. Alifia njiani, na mtoto tumboni.

Bi Mize alinitandikia busati, akanipa chai. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

"Mwanangu, siku ile nkunga si mlimuona?"

"Nilimuona, Bi Mize."

"Na mie nlikuoneni mkitoka nae. Ndo nkamwambia Raya asende kungoja mjini, azalie hapa karibu na mie." Akawa anang'oa nyuzi za busati. "Mie ndo nlomzuia."

Niliaga nikaondoka, na chai yake sikuimaliza.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu wangu, naye amenielekeza niandike kwamba kituo kimezorota baada ya ukaguzi. Ripoti imeshapelekwa juu, anasema, na mimi nina watoto wanasoma, nisijichimbie kaburi. Ananitakia mema, najua. Naogopa, na sioni haya kulisema hapa.

Nimekaa mbele ya kompyuta mpaka adhuhuri. Mwisho nimeandika: mkaguzi alimuona mkunga, na hakumuuliza anafanya kazi wapi. Nikatia jina langu, nikatuma.

Kesho narudi kwa Bi Mize, kumwambia kwamba aliyemzuia Raya si yeye.