Unga Mweupe Mlangoni

Koekelberg, Bruxelles
Jumapili, 11 Februari 1996

Yaya Désiré, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, shemeji Rolande na watoto wote. Natumaini homa ya Rolande imeshuka, na kwamba mvua za Kadutu hazijaubomoa ule ukuta mliokuwa mnautengeneza. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mengine utayasoma.

Barua yako niliipokea Alhamisi kwa mkono wa Antoine, na ni yeye atakayekuletea jibu hili. Umeuliza neno moja tu: unga mweupe ambao Priscille aliumwaga mlangoni kabla ya mumewe kuanguka ulikuwa nini. Umeniambia pia kwamba wajomba wamekata shauri. Mama akirudi mwisho wa mwezi huu, aje na Chloé na Dady, kwa sababu watoto wa marehemu hawawezi kulelewa na mwanamke aliyemuua baba yao. Tangu Alhamisi ile, jioni nikifungua daftari langu nikujibu, ninaandika tarehe, halafu nalifunga.

Acha nianzie kazini, ndipo utaelewa. Unajua kwamba mimi na ndugu yetu marehemu Bienfait tulisafisha ofisi moja, karibu na Schuman, na yeye alikuwa chef wetu, msimamizi wa kazi. Kila baridi ilipoanza aliwakusanya wageni katika chumba cha ndoo, akawafundisha huku anawachekesha. Aliwaambia kwenye barafu watembee kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Metro haina hasira, alisema, ukiikosa inakuja ingine, lakini kiuno kikivunjika, bon, hakuna kiuno kingine kinachokuja. Fatuma, mama mmoja wa Kindu, alimjibu kwamba yeye hakupanda ndege kuja Ulaya kutembea kama bata. Kesho yake tulimwona anavuka uwanja wa mbele kama bata kamili, na Bienfait akampigia makofi. Jambo moja tu hakulitania: alikataza maji kumwagwa nje. Alisema maji ya baridi hii yanaganda yakawa kama kioo, na jicho haliyaoni.

Mama alifika Novemba, na hii ndiyo baridi yake ya kwanza. Unamjua. Hawezi kusali ikiwa mlango wa mwanawe ni mchafu. Nyumba ya Bienfait ina ngazi tatu za mawe mbele, na kila asubuhi, wengine wakiwa bado wamelala, Mama alizifagia na kuziosha kama alivyofanya nyumbani miaka yote. Mwanzoni hapakuwa na barafu, maji yalikauka. Lakini Priscille aliogopa. Ila bibi arusi atamfundishaje mama mkwe kuosha mlango? Akamwomba mumewe aseme. Bienfait alicheka, akasema Mama alikuwa mkubwa wa milango sisi hatujazaliwa, na siku atakapomkataza ataanza kufunga valizi arudi nyumbani. Aliahidi kumwambia Jumapili. Jumapili ilipita.

Jumatatu tarehe 22 Januari redio ilitangaza kwamba usiku barabara zitaganda. Bienfait alikuwa na zamu ya mapema. Kabla ya kulala alimwomba Priscille aweke kinga kwenye ngazi. Mama, akiwa dirishani, alimwona mkwe wake ameinama peke yake nje, anamwaga kitu cheupe kwa mkono mahali mumewe atakapokanyaga. Asubuhi aliamka kabla ya wote, akachemsha maji, akafagia ule unga, akaziosha ngazi zote tatu huku anaomba. Haya anayasimulia mwenyewe kwa kila anayekuja matanga. Anasema aliuondoa unga wa Priscille kwa jina la Yesu, ila alichelewa, ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake.

Bienfait alitoka baada ya muda mfupi. Alishuka bila wasiwasi, kwa sababu alijua kinga imewekwa. Alianguka chali, kisogo kikagonga ukingo wa jiwe. Kesho yake, hospitalini, akatutoka.

Yaya, ule unga ulikuwa chumvi. Chumvi ya kawaida. Huku kila nyumba inaimwaga, hata magari ya komini, ya serikali ya mtaa, yanaimwaga barabarani, ili barafu isishike. Ngazi zile zilikuwa salama mpaka zilipooshwa.

Priscille anajua. Mchungaji alipomuuliza mbele ya watu aliweka nini pale, aliinamisha kichwa akanyamaza, na watu wakaona kunyamaza kwake ni kukiri. Nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini hajitetei. Alinijibu kwamba akisema ni chumvi, Mama atauliza chumvi ni ya kazi gani. Akasema mtu anaweza kuishi na chuki, lakini na kujua ni maji ya nani, Mama hataishi hata mwezi. Halafu akaendelea kumpikia Mama uji.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Mama ibadani, njia nzima chini ni nyeupe. Alinishika mkono akaniuliza kama mji wote umerogwa. Nilimwambia ni theluji chafu.

Wewe ndiwe mkubwa wetu. Nenda kwa wajomba, uwaambie umeuliza, umejibiwa, na umeridhika: Priscille hana damu mkononi, na watoto watabaki kwa mama yao. Usitaje chumvi. Watakubana, hata watasema umelishwa dawa nawe pia. Vumilia. Na Mama akifika huko akamsema vibaya Priscille, mwache aseme. Nilitaka nikuombe umtetee mbele yake, lakini Priscille mwenyewe amekataa.

Mama anawasalimu wote, anaomba Rolande amwekee kitanda karibu na dirisha. Chloé na Dady wanawasalimu; Dady bado analala na koti la baba yake. Umsalimie kila anayeuliza habari zetu. Priscille alisema nisitie salamu zake, kwa kuwa hazitapokelewa. Nazitia: Priscille anakusalimu sana, yaya.

Ni mimi mdogo wako,
Éliézer