Mafiga Matatu na Ruhusa ya Nuru

Alhamisi, baada ya Maghribi. Mawingu yamening'inia juu ya Mjambere tangu asubuhi, hayataki kunyesha wala kuondoka. Tunafanana.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimepita hamsini, upara wangu unang'aa kuliko ubao ninaouandikia, na wiki hii nzima nimeshindwa na duara.

Swali lenyewe ni la mashindano. Chagua nukta tatu kwenye ukingo wa duara, popote, kama mtu aliyefumba macho. Ziunganishe upate pembetatu. Kuna uwezekano gani kitovu cha duara kiwe ndani ya pembetatu hiyo? Basi. Swali fupi kama kisu cha jikoni. Jumatatu nililiandika ubaoni kwa madaha, nikijua wazi kuwa sijui jawabu lake.

Siku hiyo hiyo, kwa bahati yangu, akaingia Mzee Athmani, babake Nuru. Mzee Athmani ana duka la vyombo Magogoni, masufuria yamepangwa hadi darini. Hatujawahi kukubaliana jambo, hata kama mwezi umeandama au haukuandama. Akifunga yeye, mimi nakula. Na huyo Nuru, kidato cha tatu, ndiye mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha. Amechaguliwa kwenda fainali Nairobi, wiki nzima. Jumamosi mwalimu mkuu anapeleka majina. Mzee alikuja kutukatalia ruhusa; Nuru asiporuhusiwa nyumbani, nafasi yake inakwenda shule nyingine, na kwao hakuna atakayeuliza tena.

Mzee alitazama ubao, akanitazama mimi.

"Na jawabu lake?"

"Tunalishughulikia, Mzee."

"Wewe pia?"

Darasa likacheka. Nuru peke yake hakucheka. Hapo ndipo mzee akatoa sharti: nije dukani kwake nimweleze swali hilo, yeye aliyeishia darasa la saba. Akielewa, Nuru aende. Asipoelewa, tusimsumbue tena, maana hesabu asiyoweza kuieleza mwalimu, mtoto ataifuata Nairobi ya nini?

Nikakubali. Mbele ya watoto ningefanyaje?

Niungame hapa ambapo mke wangu hasomi: jawabu nilikuwa nalo tangu Jumatatu hiyo usiku. Niliapa sitachungulia mtandaoni, nikachungulia. Ni robo. Lakini njia ya kulifikia ilikuwa msitu wa alama ambao mimi mwenyewe niliuvuka kwa kupapasa. Ningemwelezaje muuza masufuria? Nilichora maduara kwenye bahasha, kwenye gazeti, kwenye vumbi la kioo cha gari la jirani. Mwalimu wa fizikia nilipomuuliza alisema, "Inategemea." Inategemea nini, hakusema, akaenda zake kunywa chai.

Kila nikiingia darasani Nuru alinitazama mikono, kama mgonjwa anavyotazama mikono ya daktari. Kufikia jana hakunitazama tena. Hilo ndilo lililonikata maini.

Jana jioni gesi ikatuishia. Mke wangu akawasha kuni uani, akaniambia nipange mafiga na niinjike mbaazi za nazi zipate moto, yeye anamalizia mahamri. Nikayapanga. Yaani mikono iliyapanga. Kichwa kilikuwa kwenye duara. Nikaweka sufuria, nikageuka.

Sitaeleza ule mlio. Mbaazi zilienea ua mzima. Paka alikuja, akanusa, akanionea huruma, akaondoka.

"Baba Zuhura! Mafiga yote umeyarundika upande mmoja, sufuria ishikwe na malaika?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Basi fikiri na njaa yako. Lipeleke hilo moja ng'ambo ya pili!"

Nikalipeleka. Sufuria tupu ikakaa.

Nikasimama pale, mikono imejaa masizi.

Sufuria ni duara. Mafiga ni zile nukta tatu. Ikisimama, kitovu kimo ndani ya pembetatu. Ikianguka, kiko nje. Swali zima lilikuwa limemwagika miguuni pangu, na nazi juu yake. Mke wangu akauliza kwa nini nacheka, nikamwambia nimelipata. Akasema kilichopatikana ni kazi ya kufagia, na ufagio ule pale.

Leo baada ya alasiri nikaenda Magogoni na mawe matatu ndani ya mfuko.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam. Mwalimu, umekuja kunipiga mawe?"

Nikaomba sufuria. Akanipa, akaonya kuwa ikibonyea ni yangu. Nikatupa mawe ovyo, nikayaburura mpaka yakae chini ya ukingo. Nikamwambia: figa hili tusiliguse. Haya mawili, kila moja lina mambo mawili tu: libaki lilipo, au lihamie ng'ambo ya pili, mkabala kabisa na lilipokuwa. Kwa hiyo tuna mipango minne. Tuijaribu yote.

Wa kwanza, ikaanguka. Wa pili, ikaanguka. Wa tatu, ikasimama. Wa nne, ikaanguka.

Mzee akavua miwani. "Bahati," akasema. Akayahamisha mawe mwenyewe, kwa chuki kabisa, akitafuta mpangilio wa kuniaibisha. Minne tena. Mmoja ukasimama. Akarudia. Mmoja. Wateja wawili walikuwa wanangoja na hakuwaona.

"Popote utakapoyatupa," nikamwambia, "katika minne ni mmoja tu. Ndiyo robo."

Akavaa tena miwani yake.

"Nimeelewa," akasema. "Wallahi nimeelewa. Nikitupa ovyo, mara tatu katika nne chakula kinamwagika. Na ndiyo hesabu unayotaka nimtoe binti yangu kwayo?"

Ee Mola. Nilimfundisha vizuri kupita kiasi.

Nikasema, "Ukitupa ovyo, Mzee. Nuru hatutamtupa ovyo."

Akaweka sufuria rafuni, taratibu. "Neno langu ni neno. Ruhusa yangu umeipata. Lakini mtoto ana mamake, na Bi. Salma hajawahi kulala usiku mmoja bila ya Nuru chini ya dari lake. Kesho tukitoka msikitini uje umweleze yeye. Mimi sitatia neno."

Kwa hiyo mawe yangu yako tena ndani ya mfuko. Figa la tatu ni Bi. Salma, nami sijui atakaa wapi.

Nimefanya hesabu moja ya mwisho. Mawili yakikaa karibu karibu, la tatu lina nafasi finyu sana ya kuiokoa sufuria. Yakiachana, nafasi yake inapanuka. Yakikabiliana, kila moja na upande wake, inafika karibu na nusu.

Mimi na Mzee Athmani tumekabiliana umri wetu wote.

Karibu na nusu, basi. Wiki hii nimeshalala na matumaini yaliyo chini ya hapo.