Kalibu Haikukungoja

Karakana ya Mzee,
S.L.P. 417.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu Nukta,

Shikamoo. Kabla sijafungua mdomo, nijibu kwanza: u mzima? Kile kikohozi cha mara ya mwisho kimekwisha, au bado unakificha kwa kugeuza simu pembeni? Shemeji hajambo? Na yule mtoto anayemjua shangazi yake kwa picha tu? Sisi huku tunashukuru Mungu. Mama magoti humsumbua asubuhi, yakishapata joto anasahau na kuanza kutugombeza. Mzee macho yamempeleka hospitali juzijuzi, nitakueleza.

Usishangae kupata barua zama hizi. Simu zako nazijua: "Chiriku, niko kikaoni, nitakupigia." Kikao gani hicho kisichokwisha, kaka? Karatasi haina kikao. Kaa kitako usome mpaka mwisho.

Nimekukumbuka, nisikufiche. Miaka sita si mchezo. Ovaroli yako bado imetundikwa nyuma ya mlango wa karakana, na Mama akifua zetu huifua na hiyo, kana kwamba ulikuwa umeivaa jana. Nilimwambia aiache, akanitazama kwa lile jicho unalolijua. Nikaianika mwenyewe.

Mapipa mawili ya dawa yalifika salama, ahsante. Fundi Bonge, yule wa mashine ya kushindilia plastiki kwenye kalibu, alifungua moja, akanusa, akapiga chafya tatu. Mzee akaichota kwa kijiti akaitazama kwa karibu. Hatukuamini kwamba huu uji mweupe ndio unaokuzungusha dunia nzima na begi mkononi, ukiwauzia watu kitu cha kuzuia plastiki isisinyae ikipoa.

Maana huku dawa hiyo ilikuwa imeadimika kabisa. Kila nikienda kwa muuza kemikali, jibu lake ni moja: "Dada, soko la dunia limekaza." Utadhani soko la dunia ni mjomba wake aliyelazwa! Anasema viwanda vya magari vya mbali huko vinaichukua yote kabla haijatoka kiwandani, sisi wa karakana ndogo tunagombania masalio. Nikamwambia kaka yangu ndiye anayeigawa. Akacheka, akadhani namtania. Nilijivuna kidogo, siwezi kusema uongo. Lakini njiani roho ikaniuma, nikawaonea wivu wale wenye viwanda. Wao kwa ajili ya dawa hiyo wanakuona wewe mwenyewe, mnakunywa chai meza moja. Sisi tumeletewa mapipa.

Sasa sikia kituko. Tulichanganya kama ulivyotuandikia, tukashindilia vifuniko sitini vya masanduku ya mita za maji. Loo! Vilitoka laini, vinang'aa, hakuna mawimbi, hakuna nyuzi za faiba zinazochungulia. Bonge akajitazama meno kwenye kimoja. Mzee akapitisha kiganja akasema, "Mwanangu kweli ameweza." Tukaenda kuvivalisha kwenye masanduku. Vikapwaya vyote sitini, kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto.

Umeshajua kosa, au umesahau? Lile dume la kalibu, linalotoa nafasi ya ndani ya kifuniko, Mzee aliliacha nene kwa makusudi kwa sababu plastiki yetu ilikuwa inasinyaa. Mlilikalia wawili wiki nzima, yeye na kipimo, wewe na tupa, mkaliachia unene wa ukucha. Sasa plastiki haisinyai na dume ni lilelile. Watu watatu tunashinda na chuma hicho kila siku, hakuna aliyekumbuka! Tulicheka mpaka Bonge akakaa chini.

Kisha nikafikiri. Aliyelipiga tupa ni kaka. Muuza dawa ni kaka. Na katika maelekezo yake ya kurasa nne hakuna hata neno moja juu ya dume. Hapo kicheko kiliniisha. Nilijua umelisahau, na nikaogopa kujiuliza umesahau nini kingine.

Bwana wa mita, aliyeagiza vifuniko, alitupa wiki mbili. Vile vya zamani vyenye mawimbi havitaki tena, na tukimkosa yeye hatuna mteja mwingine wa kuifanya mashine iwake. Ilikuwa lazima dume lipunguzwe. Lakini wewe unajua, chuma kikishaliwa na tupa hakirudi. Ukizidisha unene wa karatasi tu, kalibu nzima inakuwa chuma chakavu.

Mzee akakataa lisiguswe. "Hiyo kazi ya kaka yako. Akisikia atakuja." Akakupigia. Ulimwambia nini? Kwamba utaangalia ratiba yako baada ya maonyesho ya wanunuzi. Alipokata simu akaniambia kwa furaha, "Anakuja baada ya maonyesho." Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia kila neno.

Wiki ya kwanza ikapita. Mzee akifika karakana anasimama mlangoni kwanza, anatazama barabarani, ndipo anaingia. Ya pili ilipoanza, Mama akampeleka hospitali ya macho, walale huko siku mbili. Nikamwambia Bonge afunge mlango. Nikachukua tupa.

Nilikuwa napiga mara tatu, napima. Mara tatu, napima. Nilikutukana, halafu nikakuita, halafu nikakutukana tena. Bonge alishindwa kutazama, akawa anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Siku ya pili jioni nikamaliza kwa msasa, tukashindilia. Kifuniko cha kwanza kikacheza kidogo. Nikarudia msasa. Cha pili kikakaa. Bonge akakibamiza kwa kiganja, hakikutikisika. Nikalia kama mtoto, na Bonge naye, jitu zima lile.

Mzee alirudi kesho yake, jicho moja limefungwa bandeji, akaja moja kwa moja karakana kabla hata ya kunywa maji. Akaweka kiganja juu ya dume, akakizungusha polepole pande zote nne. Uso wote ukang'aa.

"Kaka yako kafika lini? Mbona hamkuniambia?"

Akageuka kukutafuta nyuma ya mashine.

Ikabidi nimwambie, "Baba, ni mimi." Alinishika mikono, akapapasa malengelenge moja moja, akanisifu. Mungu ni shahidi, tangu nizaliwe hajanisifu vile. Lakini nilikuwa nimeuona uso wake kabla sijasema, na nikauona nilipokwisha kusema.

Kwa hiyo kazi imepona, bwana wa mita amechukua mzigo wake. Dume limeshapunguzwa, hatuwezi tena kushindilia bila dawa, na mapipa mengine tutayahitaji kabla mwaka haujaisha. Uje nayo mwenyewe. Sikuiti kazini, kazi nimeifanya. Njoo tu tukuone, kaka. Mimi nimechoka kukukosa, na jicho la pili la Mzee daktari hakutaka kutuahidi kitu.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula au unakunywa chai tu. Shangazi yetu mshonaji anasema umletee vipimo vya mtoto, asishone kwa kubahatisha. Bonge naye salamu, ila ameniomba nisikuandikie kwamba alilia. Mkumbatie shemeji na mwanetu. Mungu akutangulie katika safari zako zote, na moja aielekeze huku.

Nilimuuliza Mzee nikuandikie salamu gani. Akasema zake haziandikwi. Atakupa mkononi.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Chiriku.