Jani Lililopinda

Damietta

Mdogo wangu Wagdi,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mama haoni tena, ila mdomo ni ule ule, jana kamwuliza muuza jibini, "Chumvi hii umetia kwa koleo?"

Kile kiti alichochonga marehemu baba, ulichokwenda nacho Kairo ukasema ni cha kumbukumbu tu, kiko salama? Unakumbuka lile jani la nakshi mgongoni mwake? Majani yote yamenyooka, hilo moja baba alilipindisha kukwepa fundo kwenye ubao.

Juzi nilimpeleka Mama duka jipya la samani, nimtafutie kiti cha kuegemea. Akapapasa mgongo wa kimoja, uso ukamchangamka.

"Mutawalli, kiti cha baba yenu! Wagdi amekirudisha!"

Mimi nilikuwa nimeshaona vingine. Vimejaa ukumbi mzima, vyote vya mashine. Mbao zake hazina fundo hata moja, lakini jani limepinda katika kila kiti. Wagdi, umemuuzia mwenye mashine mkono wa baba, hata hukumweleza jani lilipinda kwa nini!

"Twende, Mama," nikasema. Lakini mkono wake ulishafika kiti cha jirani, kisha kilichofuata. Uso ukamwanguka.

Muuzaji akamkaribisha: "Keti, mama, ujaribu."

"Sitaki," akajibu. Akanigeukia. "Mwandikie mdogo wako. Mwambie mimi nitakaa chini."

Basi nimekuandikia, na chini ndipo alipokaa hadi sasa.

Kaka yako,
Mutawalli