Mstari wa Njano Chini ya Kumi na Saba

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wanao watatu, na mama mkwe wako. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa angalau na nguvu ya kuamka asubuhi, maana najua afya zaidi ya hiyo kwa sasa haipo. Goti lako linaendeleaje? Na kitinda mimba, bado anakimbilia mlangoni akisikia mtu anabisha?

Mimi mdogo wako ni mzima, ila kiganja cha kulia kina nyuzi kumi na moja. Naandika kwa kulia, kikianza kuuma nahamia kushoto, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na unajua shule iliniacha darasa la tano.

Barua yako niliipata. Umenishukuru kwa kumzika shemeji, mume wako, kwa heshima, na umeniuliza kama niliuona mwisho wake. Kwenye simu nilikwambia nilikuwa kazini. Dada, kaa chini kwanza. Watume watoto nje. Na kama imekufikia bahasha nyingine, ya kaki, yenye muhuri, usitie sahihi mpaka umalize kusoma hii.

Nianze na kazi. Mapema mwaka huu ofisi ya mtaa ilitafuta fundi rangi wa kuandika namba kwenye milango, kwa ajili ya ile sensa mliyoisikia redioni. Serikali inajenga nyumba elfu moja, na walitaka kujua kila kabila lina watu wangapi, nyumba zigawanywe kwa hesabu hiyo, na majimbo ya uchaguzi yakatwe upya kwa hesabu hiyohiyo. Hapa kila mtu aligeuka mbunge. Ukienda kuchota maji, mjadala. Ukisubiri zamu ya choo, mjadala. Wenye kabila dogo walisema wamesahauliwa miaka yote na sasa waandikwe. Wenye kabila kubwa, ambao ndio mimi na wewe, walisema wanaibiwa mchana kweupe. Wachache walisema kumuuliza mtu kabila lake ni kumtafuta ubaya, lakini hao walizomewa na pande zote mbili.

Karani alishika fomu, mimi nikashika makopo. Namba niliandika kwa rangi nyeupe. Tukifika kwa mtu wa makabila madogo, karani aliinua kidole kimoja, nami nikachora mstari wa njano chini ya namba, urefu wa kiganja. Alisema theluthi moja ya nyumba imetengwa kwa ajili yao, na wapimaji wa nyumba wakipita kunakili namba hawatakuwa na haja ya kufungua fomu. Nilimuuliza kama kuna ubaya. Akaniambia mimi nipake, maswali nimwachie aliyesoma.

Siku tuliyofika kwetu, chumba namba kumi na saba alichokipanga shemeji, nami nikikaa naye, ghorofa ya kwanza, alikuwa mlangoni na spana yake ya bomba begani. Karani akamuuliza kabila. Shemeji akamwambia aandike fundi bomba. Karani akasema hilo si kabila. Shemeji akamwambia basi aende akaziulize koo za mabomba ya mtaa huu, zinamjua vizuri kuliko yeye. Korido nzima ilicheka. Yule kinyozi wa chini, aliyekuwa akimnyoa shemeji kila Jumapili, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Karani akaacha nafasi wazi na kidole hakuinua. Tulipoingia ndani shemeji alinionya kwa upole, akaniita shemeji mdogo kama kawaida yake, kwamba rangi ile ya njano asiione kwenye mlango wake hata siku moja. Kisha akanitania kwamba kwanza sijui kuchora mstari, kila nikimaliza naacha tone mwishoni, fundi gani mimi.

Ijumaa wapimaji walipita mchana, wakanakili milango. Jioni ukaitishwa mkutano wa wananchi ukumbini. Kinyozi alisimama akasema amezaliwa mtaa huu, baba yake alizaliwa mtaa huu, na bado analala kwenye benchi la wateja chini ya vioo vyake, leo nyumba na kiti cha ubunge vinapelekwa kwa wenye mstari. Mtu akamwambia akae chini, mchoyo wewe. Chupa ikamfuata yule mtu usoni. Halafu viti. Nilimwona mama muuza mboga ameinama anatafuta kitu sakafuni, kumbe ni meno yake. Mzee aliyekuja na funguo za kufunga ukumbi alikanyagwa mpaka alipoinuliwa alikuwa laini kama nguo mbichi.

Nilikimbilia chumbani. Shemeji alirudi kutoka kazini akikimbia, gizani, umeme umekatwa. Nilimfungulia, tukajifungia kwa komeo, tukasukuma kitanda mlangoni.

Jumamosi watu wa kabila letu walichoma ofisi ya mtaa na fomu zote. Tulipoona moshi, shemeji alishusha pumzi, akasema angalau yale makaratasi hayatamuua mtu. Lakini mimi nilichungulia dirishani, nikaona wanavyotembea. Mlango usio na mstari, wanapita. Wenye mstari, wanasimama, shoka. Hawakuuliza jina wala hawakumtukana mtu. Ng'ambo ya barabara, namba tisa, walimtoa fundi cherehani na mkewe. Mwanamke walimkata alipokuwa anafunga khanga yake vizuri. Fundi walimpiga kwa kichwa cha cherehani yake mwenyewe mpaka akaacha kuinua mikono. Shemeji alinivuta nitoke dirishani. Aliniambia nitulie, sisi mlango wetu ni msafi. Alilisema hilo siku ile mara nyingi. Hata usiku, nikidhani amelala, nilimsikia akilisema.

Jumapili saa nne asubuhi tulisikia miguu kwenye ngazi, ikaja, ikasimama. Shemeji akashika spana yake. Akaninong'oneza nitoke nikaseme nao, maana lafudhi yangu ni yao, yake siyo. Nikasogeza kitanda, nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu, nikaweka mgongo pale. Walikuwa wanane. Mbele alikuwa kinyozi. Nikawaambia ndugu zangu, humu nakaa peke yangu, nanyi mnanijua. Kinyozi akaniambia, "Fundi rangi, sogea kidogo." Nikasogea. Akaweka kidole chini ya namba. Akauliza, "Sasa anayedanganya nani, mdomo wako au mkono wako?" Wenzake wakacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha siku ya karani.

Dada, mstari ulikuwepo. Niliuchora mimi.

Niliuchora Ijumaa asubuhi, shemeji akiwa kazini, kabla wapimaji hawajapita. Ulikuwa umeniandikia kwamba paa linavuja na watoto wanalala wameketi. Nilikuwa nimeziona zile nyumba, nilipaka kuta zake: vyumba viwili, bomba ndani, dirisha linalofunga. Nikasema mstari mmoja tu, wapimaji wakishanakili naukwangua. Jioni nilikwenda mkutanoni kabla ya kuukwangua. Na siku ile ya Jumamosi, alipokuwa anasema mlango wetu ni msafi, kikwaruzo cha rangi kilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kutoka. Lakini ningetoka angeniuliza naenda kukwangua nini. Niliyaogopa macho yake kuliko mashoka. Hiyo ndiyo kweli, na sina nyingine.

Niliziba mstari kwa kiganja. Panga likapita juu yake. Mlango ulikwenda kwa mapigo matatu. Shemeji alimpiga wa kwanza kwa spana, taya likalia kama bomba lililokatika, na wa pili akamvunja mkono. Kisha shoka likamwingia nyuma ya sikio. Hakufa hapo. Walimvuta miguu, na alipopita mlangoni kichwa kilikuwa kimegeukia ubao. Aliuona mstari. Aliliona na tone mwishoni mwake. Kisha akanitazama mimi. Hakunitukana, dada, heri angenitukana. Ngazi ni kumi na nne, mimi ndiye niliyezipaka rangi, na nilizihesabu zote. Chini, kinyozi alimmalizia.

Mimi waliniacha. Mmoja alinifunga kiganja kwa kitambaa, akanipa pole.

Kinyozi yuko nje kwa dhamana na duka limefunguliwa. Mimi nimeitwa ofisini kupaka milango yote kijivu. Sijaenda.

Sasa bahasha ya kaki. Karatasi za wapimaji hazikuwa ofisini moto ulipowaka, na orodha ya nyumba imebandikwa. Namba kumi na saba imo. Nyumba imetoka kwa jina la shemeji, na kwa kuwa hayupo inakuja kwako, wewe mjane wake. Mstari ulifanya kazi niliyoutuma, na nyingine. Wameniambia ukitia sahihi unakabidhiwa funguo. Sikushauri uchukue wala uchane. Nilichotaka ni usije ukalala ndani ya nyumba ile ukiniombea baraka.

Ukija, nitumie siku na saa, nije kubeba mizigo, na ukitaka nibebe bila kusema neno nitanyamaza. Usipotaka kuniona, mwambie aliyeleta barua hii, nami nitahama mtaa kabla hujafika.

Nimempa pia spana ya shemeji, nimeifunga kwenye shati langu. Sijaifuta. Ni ya mwanao mkubwa, akiwa na umri wa kuambiwa.

Nisalimie watoto, kama bado nina salamu za kuwapa. Mpe mkweo pole yangu, na mwambie mwanawe hakupiga magoti.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kuandika.